Upasuaji, uzazi, watoto au usingizi? Ulinganisho kwa daktari anayechagua ubingwa, awe binti au kijana

Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, yuko mwezi wa tisa wa utarajali, ule mwaka wa daktari mpya kufanya kazi chini ya usimamizi. Jumapili moja baada ya chakula alisubiri mama yake atoke kuanua nguo, akanisogelea. "Dada, nikisomea upasuaji nitaolewa kweli?" Nikacheka. Kisha nikaacha kucheka, maana hakuwa anatania. Mama mdogo ameshamchagulia: watoto. Anasema ni ubingwa wa kike, hauna purukushani, mtu unarudi nyumbani jua bado lipo.

Wiki hiyohiyo mtarajali mwingine, kijana mpole mwenye mikono mizuri kuliko ya wengi niliowaona, alinifuata kwenye korido. "Shikamoo dokta. Mimi napenda watoto, ila wenzangu wananiuliza kama naenda kusomea uyaya."

Kila mmoja anasukumwa kwenye kiti anachokitaka mwenzake. Ningeweza kuwabadilishia tu tukamaliza.

Nina mahali pazuri pa kutazamia mambo haya. Mimi ni daktari wa usingizi, yule anayemlaza mgonjwa asihisi kisu, au kama wapasuaji wanavyoniita wakiwa na haraka, "mtu wa usingizi". Nakaa kichwani kwa mgonjwa, nyuma ya shuka la kijani. Upande wa pili wa shuka wanapita wote: wa upasuaji wa jumla, wa uzazi, wa mifupa, na yule wa watoto anayesimama pembeni na kitambaa cha joto akisubiri kichanga kitoke. Naona nani anachoka, nani anarudi nyumbani saa ngapi, nani anaachiwa kisu na nani anaachiwa kushika taa. Nitalinganisha kutokea hapo, na msomaji ajue mapema kwamba kwa usingizi nina upendeleo wangu.

Hesabu ya miaka kwanza

Kidato cha sita unamaliza na miaka 19 au 20. Shahada ya udaktari miaka 5, utarajali mwaka 1. Usipopoteza hata siku moja, una 25 au 26. Hapo bado hujaajiriwa, na wengi wanafanya kazi kidogo kabla ya kurudi darasani. Ubingwa wa MMed, shahada ya uzamili ya udaktari, ni miaka 3, na fani nyingine huzidi hapo. Upasuaji una njia ya pili, ile ya COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini chenye makao yake Arusha. Hiyo ni miaka 5, miwili ya mwanzo ya ngazi ya uanachama na mitatu ya ubingwa wenyewe, na unasoma ukiwa kazini katika hospitali iliyoidhinishwa. Kwa hiyo utaitwa bingwa ukiwa na miaka 31, 33, pengine 36.

Miaka hiyo ndiyo ambayo nyumbani wanaulizia wajukuu. Kijana naye anaulizwa, lakini jibu lake halimtoi thieta, chumba cha upasuaji.

Sheria ya ajira ya Tanzania inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba, kwa kawaida, siku 3. Nadhani hiyo 3 imewachagulia wanawake ubingwa kuliko mtihani wowote. Mama akirudi kazini ana haki ya kutoka kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku, na hapa ndipo ulinganisho wa kweli unapoanza. Saa 2 hizo kliniki ya ngozi unazipata. Chumba cha kusomea picha za mionzi unazipata. Kwenye upasuaji unaochukua saa tano huzipati, hata mkuu wa idara awe malaika, kwa sababu tumbo la mtu liko wazi. Na mimi wa usingizi nazipata ikiwa tu kuna mwenzangu wa kunipokea, jambo ambalo hospitali nyingi za mikoa ni ndoto.

Upasuaji na uzazi: kisu kilekile

Mama mdogo anaogopa upasuaji lakini anakubali uzazi. "Angalau uzazi, mwanamke kwa mwanamke." Sasa nieleze ninachokiona mimi. Saa tisa usiku daktari wa uzazi anaingia, ananawa hadi kwenye viwiko, anachukua kisu, anapasua. Damu inayotoka kwenye mji wa mimba uliogoma kusinyaa sijaiona ikitoka kwenye kidole tumbo chochote. Anaposhindwa kuizuia, anautoa mji wenyewe, na huo ni upasuaji mzito kabisa. Hiyo yote tunaiita uzazi, na hakuna shangazi anayemwambia binti kwamba haolewi.

Ukitaka kujua kama ni miili au ni mazoea, angalia nchi nyingine. Marekani, wanaosomea ubingwa wa uzazi ni wanawake kwa zaidi ya 8 katika kila 10, wakati mabingwa wa mifupa wanawake hawafiki hata 1 katika 10. Kwetu idara za uzazi zimejaa wanaume na hakuna anayewacheka. Kazi ni ileile, usiku ni uleule, ila huku imevishwa suruali na kule gauni. Upande wa upasuaji, tathmini iliyochapishwa 2016 kuhusu ukanda wetu wa mashariki, kati na kusini mwa Afrika ilikuta wanawake ni asilimia 9 tu ya wapasuaji mabingwa.

Tuje kwenye usiku wenyewe, maana huo ndio utakaokaa nao. Upasuaji wa jumla unakuita mara chache zaidi, lakini ukikuita unakushika: utumbo uliojisokota, ajali ya bodaboda, saa tatu au nne umesimama. Uzazi unakuita kwa vipande. Operesheni yenyewe haifiki saa moja, unarudi kujinyoosha, dakika kumi simu inalia, leba kuna mwingine. Mara tano kwa usiku mmoja. Asubuhi raundi. Uchungu haujui Idi wala Krismasi. Kwa mtu mwenye kichanga nyumbani nikiulizwa kipi kinachosha zaidi, nitasema uzazi, wala sifikirii mara mbili. Kwa hiyo binti anayeukimbia upasuaji kwa ajili ya familia akajificha uzazi ameruka mkojo akakanyaga mavi, samahani kwa lugha.

Uzazi una faida yake, tusiufiche. Ukishakuwa bingwa, kina mama wanakutafuta kwa jina, na daktari wa kike akifungua kliniki yake ya jioni Mbagala au Mombasa hakai muda mrefu bila wagonjwa.

Mifupa na suala la nguvu

"Mifupa inataka misuli." Hili nimelisikia kwa maprofesa. Niwape tukio moja. Aliletwa dereva wa lori, mtu wa kilo mia na zaidi, nyonga imetoka kwa ajali. Daktari anayesomea mifupa, kijana wa mazoezi, akamvuta mguu mpaka jasho likamtoka. Nyonga haikusogea. Nikamwambia asubiri, dawa yangu ya kulegeza misuli haijafika. Hakusubiri, akachoka. Zamu ikabadilika, akaja dada mmoja mfupi ambaye nikisimama naye ananifika begani. Akamwomba muuguzi ashikilie nyonga za mgonjwa zisinyanyuke. Akakunja goti la mgonjwa, akapanda mguu mmoja juu ya kitanda, akaweka goti lake chini ya goti la yule dereva, akanyanyua kisigino. Kitu kikalia ndani kama mlango mzito unaofungwa. Ikaingia.

Nguvu iliyofanya kazi ni ya wenzo na ya dawa. Dereva mwenyewe alikuwa amelala.

Ugumu halisi wa mifupa kwa mwanamke uko kwingine na hausemwi. Kuna ile mashine ya eksirei inayotumika ndani ya thieta mfupa ukipigwa misumari. Unavaa aproni ya madini ya risasi ya kilo kadhaa mchana kutwa, na ukiwa mjamzito kiwango cha mionzi kinachoruhusiwa kumfikia mtoto kwa muda wote uliobaki wa ujauzito ni milisiveti 1. Hilo linawezekana kabisa kulisimamia, ikiwa idara ina kipima mionzi cha kuvaa chini ya aproni na ikiwa kuna mtu anayekisoma. Uliza hivyo vitu viwili kabla ya kuuliza kama utaweza kuvuta mguu.

Na kuna vidogo. Glovu: mkono wa wanawake wengi ni namba 6 au 6 na nusu, stoo wanaleta 7 na nusu na 8. Ncha ya kidole inapwaya, ukifunga uzi unafunga na mpira wa glovu humohumo, halafu bosi anasema una mikono mizito. Meza inapandishwa kimo cha mpasuaji mkuu, wewe unatafutiwa kijukwaa cha kusimamia. Hospitali niliyoanzia, chumba cha kubadilishia nguo kilikuwa na milango miwili: mmoja umeandikwa "Madaktari", mwingine "Wauguzi". Sisi madaktari wa kike tulibadilishia kwa wauguzi. Halikunisumbua hadi nilipogundua kwamba orodha ya nani atapasua nini kesho ilikuwa inapangwa kwa mdomo nyuma ya ule mlango wa kwanza, watu wakivaa soksi. Tuliopitia mlango wa pili tulikuta mambo yameshaisha.

Hayo ndiyo yanayomfanya binti aone upasuaji haumtaki, kisha anajilaumu mwenyewe. COSECSA walianzisha mtandao wa wapasuaji wanawake, WiSA, mwaka 2015, na mtu akijiunga mapema anapata wa kumuuliza haya bila aibu. Na kama mama mdogo anataka mfano wa mtu mzima, yupo Olive Kobusingye wa Uganda, mpasuaji wa majeruhi ambaye kipimo alichokianzisha cha kukadiria uzito wa majeraha kinaitwa kwa jina la Kampala na kinatumika mbali na Kampala.

Watoto: wepesi uko wapi?

Siwezi kumlaumu mama mdogo moja kwa moja. Ana historia upande wake. Mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki kuhitimu udaktari, Josephine Nambooze, Makerere, 1959, alikwenda afya ya jamii. Wa kwanza Tanzania, Esther Mwaikambo, aliyehitimu Moscow 1969, alibobea kwenye watoto, na 1987 akaanzisha MEWATA, chama cha madaktari wanawake. Picha ya daktari wa kike imekaa hivyo vichwani: mama, mizani, mtoto analia. Ila ikumbukwe Mwaikambo alisomea Umoja wa Kisovieti, ambako wakati ule madaktari wengi walikuwa wanawake na hakuna aliyeshangaa kumkuta mmoja popote.

Sasa twende wodi ya vichanga usiku. Mtoto wa gramu 900, mkono wake mzima unene wa kidole changu cha shahada. Umeme umekatika, jenereta linasita, na daktari wa watoto ameinama na tochi ya simu mdomoni anatafuta mshipa ambao ni kama uzi wa bluu chini ya ngozi. Akitoboa vibaya mara mbili, hakuna wa tatu. Dozi inahesabiwa kwa uzito wa mtoto, na nukta ya desimali ikihama mahali pamoja mtoto anakufa. Msimu wa malaria, kitanda kimoja watoto wawili, wakati mwingine watatu. Na wanakufa. Daktari wa watoto anatoa habari za msiba mara nyingi kuliko mpasuaji, halafu anarudi nyumbani kwa wanaye wa umri uleule.

Mwenzangu tuliyesoma naye aliingia watoto kwa sababu hizohizo za mama mdogo. Ni daktari mzuri sana. Aliniambia mwili haukuchoka kama alivyotarajia, kilichochoka ni kitu kingine, na hicho hakikuandikwa kwenye fomu.

Kwa hiyo ukiviweka upande kwa upande: upasuaji unachosha miguu na mgongo, na unakupiga vita ya kuaminiwa miaka ya mwanzo, baadaye inapungua. Watoto hakuna atakayeshangaa kukuona siku ya kwanza, ila mzigo unaongezeka kadiri unavyojua. Saa za mchana ni afadhali watoto, hasa ukishakuwa bingwa mwenye kliniki. Kipato cha pembeni ni afadhali upasuaji. Usiku wa miaka ya masomo, sijaona tofauti ya kumfanya mtu aache anachokipenda.

Kwa vijana wa kiume

Yule kijana wa korido nilimwambia hivi: wodi ya watoto haina mama anayekataa daktari kwa sababu ni mwanamume. Anaangalia kama mwanaye anapumua. Kejeli ni za wenzako, na wenzako hawatakuwepo ukiwa na miaka 45. Kinachowatoa wanaume kwenye fani ya watoto, nikisema ukweli, ni hesabu ya fedha zaidi ya uyaya: kijana anaambiwa kwamba mwanamume mwenye majukumu hawezi kuishi kwa kliniki ya homa. Hiyo nayo ni shinikizo la jinsia, limevaa tai tu.

Kwenye uzazi ndiko mwanamume anaonja kidogo tunachoonja sisi. Pwani, na Zanzibar zaidi, mama anaingia, anakuona, anauliza kwa adabu kama hakuna daktari mwanamke. Wakati mwingine ni mume ndiye aliyesimama mlangoni. Mwanafunzi wa kiume anaweza kumaliza mzunguko wa uzazi akiwa amepima wajawazito wachache mno, kwa sababu kila akikaribia anaombwa apishe. Wanaofanikiwa ni wale wasiokasirika: wanasubiri, wanajitambulisha kwa jina, wanahakikisha muuguzi wa kike yupo chumbani kila mara bila kukumbushwa, wanaeleza kabla ya kugusa. Baada ya miaka michache wanawake haohao wanamtafuta. Ukiona heshima yako haivumilii kuambiwa "hapana" na mgonjwa, nenda kwingine.

Zamu yenye mwisho

Fani ambayo haitajwi kwenye mazungumzo ya Jumapili ni dharura. Ni changa kwetu, idara ya hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifunguliwa 2010 na mafunzo ya ubingwa yakaanza mwaka huohuo. Uzuri wake ni kwamba zamu ina mwisho. Saa ikifika unakabidhi, unazima simu, umelala. Si kwamba ni nyepesi, saa zako kumi ni vurugu tupu, lakini unaweza kumwambia mtoto "nitakuwepo Alhamisi" na ukawepo. Na kwa kuwa ni changa, haikuwa na wazee wa kutosha wa kusema hii si ya kike au si ya kiume. Ningekuwa naanza leo ningeiangalia kwa makini.

Usingizi nao nausifia kwa masharti. Mgonjwa akishaamka kazi yangu imeisha, sina wodi ya kunifuata hadi nyumbani. Hakuna anayejali nina umbo gani. Lakini tuko wachache mno, na ukipangiwa mkoa ukiwa bingwa peke yako, zamu yako ndiyo mwaka mzima. Pia thieta nyingi hazina mfumo wa kuvuta gesi zetu za usingizi kuzitoa nje, tunavuta wote, kwa hiyo mjamzito aombe mapema kuhamishiwa kwenye kesi za ganzi ya mgongo. Nilijifunza kwa kuchelewa.

Mionzi: mchana, kiti, giza, na siku hizi picha zinaweza kusomwa ukiwa mbali. Ngozi: mchana pia, na Moshi pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha siku nyingi cha kuifundisha. Afya ya akili: wanaohitajika ni wengi, waliopo ni wachache, na utapambana na watu kusema wewe mwenyewe umerukwa. Magonjwa ya ndani yanakaa katikati ya yote. Huko wake kwa waume wanachanganyika bila makelele, na kama unawaza kubobea moyo au figo baadaye, ndio mlango.

Kabla ya kujaza fomu

Nenda idara unayoitaka ukae nayo usiku tatu, si mchana, na mmoja kati ya hizo uwe wa Jumamosi. Angalia anayefunga kidonda ni nani na anayeshika taa ni nani. Uliza aliyepata mtoto akiwa masomoni mara ya mwisho alifanywaje: alirudishwa mwaka, au alipangiwa upya zamu? Kama wanasema hajawahi kutokea mtu, hilo nalo ni jibu. Waulize madada wa mwaka wa pili, nje ya jengo, kama kuna mkubwa yeyote ambaye hupaswi kubaki naye ofisini jioni. Wataelewa swali kabla hujalimaliza. Fani yenye mwalimu mmoja anayekuita ndani na kukupa kisu inazidi fani "rahisi" yenye mwalimu asiyekujua jina. Kijana naye aulize haya yote, pamoja na lile la mtoto. Akiulizwa kwa nini, aseme anatarajia kuwa baba.

Mdogo wangu nilimpeleka kwa yule dada mfupi wa mifupa. Walikaa saa nzima, sikuambiwa waliongea nini. Mama mdogo amenipigia mara mbili, shikamoo yangu anaitikia nusu. Fomu bado iko mezani, nafasi ya kwanza ameandika upasuaji kwa penseli, ya pili dharura kwa penseli. Yule kijana yeye alijaza watoto kwa kalamu ya wino, akanitumia picha ya fomu saa nne usiku. Nimemwambia arudie ukurasa wa pili, amekosea tarehe.